Jembe Moja, Macho Mawili: Mtazamo na Maisha ya Kila Siku katika Utubora Mkulima na Kichwamaji

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuisoma Utubora Mkulima (1968) ya Shaaban Robert kama kitabu cha matumaini, na Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi kama kitabu cha kukata tamaa. Ugawaji huo una ukweli wake, lakini unaliacha wazi swali la msingi: je, matumaini na kukata tamaa huko ni sifa za maisha yanayosimuliwa, au ni sifa za jicho linaloyatazama? Makala haya yanadai kwamba katika riwaya zote mbili kijiji hakimfikii msomaji kabla ya kupita katika historia ya mtazamaji wake.

Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini na kushika jembe. Kwa kuwa kulima ni uamuzi wake, jasho analiona kuwa heshima, na msimulizi anamuunga mkono. Kazimoto, kwa upande wake, anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Ni msomi wa chuo kikuu, na kila jambo la nyumbani hupimwa kwanza na fikra zake. Wahakiki wanaoihusisha riwaya hii na udhanaishi hawakosei; wanakosea pale tu wanapoihesabu hukumu ya Kazimoto kuwa hukumu ya riwaya nzima juu ya maisha.

Hata hivyo, hoja ya mtazamo ina mpaka. Mimba ambayo Manase anamtia Rukia, dada yake Kazimoto, ni tendo, na madhara yake hayawezi kufutwa kwa kubadili namna ya kutazama. Mtazamo hauyaumbi matukio. Huamua uzito wake na nafasi yake katika siku za mwanadamu. Kifo cha Kazimoto kwa mkono wake mwenyewe kinaonyesha kwamba uzito huo unaweza kuua.

Riwaya hizi zikisomwa kutoka Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, pengo jingine linadhihirika. Huko mvua ni za msimu mmoja kwa mwaka, na mtama na alizeti hutegemea miezi hiyo michache. Mkulima ambaye hajawahi kuwa na mshahara wa kuuacha, wala shahada ya kumtenga na wazee wake, hawezi kuliona jembe kama Utubora, kwa kuwa hakulichagua. Hawezi pia kuliona kama Kazimoto, kwa kuwa hana mahali pa mbali pa kusimama ili alitazame. Kwake jembe ni mkononi na jicho ni mawinguni.

Wahusika hawa wawili ni watu wanaorudi kijijini. Yule aliyebaki hajapewa nafasi ya kuwa kitovu cha usimulizi. Kwa hiyo mwalimu anayeuliza kama Shaaban Robert au Kezilahabi ndiye aliyesema kweli kuhusu kijiji anauliza swali lisilo na jibu. Swali lenye tija ni nani anayetazama, ametokea wapi, na ana njia gani ya kuondoka. Likiulizwa hivyo, mwanafunzi aliyekulia Ulemo hatakuwa msomaji wa pembeni. Atakuwa na ushahidi ambao riwaya zenyewe hazina.