Mshairi aliyefunzwa lugha na watoto: Urahisi si umaskini wa maneno

Kuna tabia iliyoota mizizi katika uhakiki wetu wa ushairi. Tukikutana na shairi ambalo kila neno lake linaeleweka, tunalishuku papo hapo. Mbona jepesi hivi? Msamiati uko wapi? Tamathali ziko wapi? Mwanafunzi naye si mjinga. Hutambua mapema kinachopendwa na mtahini. Basi insha yake ikaanza kwa jogoo kuwika na umande kumeremeta, zikafuata methali nne katika aya moja, hata kabla hatujajua nani kamfanyia nani nini. Eti huo ndio ukwasi wa lugha!

Leo ningependa kuutilia shaka mtazamo huu kwa kumhakiki mshairi wa mbali ambaye ana neno la kutuambia. Ni Rachel Bluwstein, mshairi wa Kiebrania ambaye wasomaji wake humwita Rachel tu, jina alilotumia katika mashairi yake. Huyu ndiye mwanamke ambaye sura yake imo katika noti ya shekeli 20 ya Israeli. Hoja yangu ni kwamba urahisi wa lugha yake haukutokana na uchache wa maneno. Ulianzia katika namna alivyojifunza lugha hiyo akiwa msanii kijana ugenini, na baadaye akaushikilia kwa makusudi.

Rachel alizaliwa Urusi mwaka wa 1890, akakulia Poltava, katika Ukraine ya leo. Alianza kutunga mashairi kwa Kirusi. Akiwa msichana alisomea uchoraji mjini Kyiv. Mwaka wa 1909, akiwa bado hajafikisha miaka 20, alifunga safari pamoja na dada yake Shoshana. Nia yao ilikuwa kufika Italia wakasomee sanaa na falsafa. Njiani wakapitia Palestina, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya dola ya Ottoman na ambayo wakazi wake wengi walikuwa Waarabu. Walikusudia kuitazama nchi tu, kisha waendelee na safari. Hawakuendelea. Italia ikabaki kwenye ramani.

Wakatua Rehovot, kijiji cha walowezi wa Kiyahudi. Sasa walihitaji lugha. Kiebrania cha wakati huo kilikuwa na hali ya ajabu. Kwa karne nyingi Wayahudi walikitumia katika sala, katika maandiko matakatifu na katika vitabu vya wasomi. Jikoni na sokoni walizungumza lugha nyingine, mathalani Kiyidi, Kiarabu au Kirusi. Mwishoni mwa karne ya 19, Eliezer Ben-Yehuda na walimu wenzake wakashika njia ya kukirudisha Kiebrania katika vinywa vya watu. Waliofaulu haraka zaidi hawakuwa wazee waliokariri maandiko. Walikuwa watoto wa chekechea, ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kuwachezesha na kuwagombanisha shuleni.

Rachel na dada yake waliliona hilo. Wakaenda kuketi na watoto wa chekechea, wakisikiliza. Inasimuliwa kwamba waliwekeana masharti wasizungumze Kirusi ila kwa saa moja tu kwa siku.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Sisi twasema lugha ya mama, tukiwa na maana kwamba mama ndiye anayempa mtoto lugha. Kule Rehovot mambo yalipinduka: mtoto ndiye aliyempa mtu mzima. Msichana aliyesoma, mchoraji, mtunzi wa mashairi katika lugha kubwa ya Ulaya, aliketi penye viti vidogo akajifunza kuomba maji, kukataa uji na kulalamika kwamba kasukumwa. Atakayeidharau shule kama hiyo na awaulize wageni wanaokuja Mombasa au Unguja kujifunza Kiswahili. Kitabu huwapa ngeli. Watoto wa mtaani ndio wanaowacheka wakikosea, na kicheko hicho hakisahauliki.

Je, shule hiyo ilifanya nini katika mashairi yenyewe? Kwanza, iliathiri mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hatuna ugomvi nao. Katika Kiebrania palikuwa na ugomvi mkubwa. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikitamka kwa namna iliyoelekea kuweka mkazo hapo hapo tunapouweka sisi. Matamshi mapya yaliyoshika Palestina yaliuweka aghalabu kwenye silabi ya mwisho. Magwiji kama Hayim Nahman Bialik na Shaul Tchernichovsky walitunga mashairi yao makuu kwa mkazo wa kale. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Israeli wa leo akimsoma Bialik kwa matamshi yake ya kila siku, mapigo ya shairi huvunjika. Rachel alitunga kwa mkazo wa watoto wale. Ndiyo maana mashairi yake bado husomeka na kuimbika bila kutiwa gongo.

Wala hakuwa peke yake. Mwenzake wa zama hizo, Elisheva Bikhovsky, alikuwa Mrusi asiye Myahudi aliyejifunza Kiebrania ukubwani, akahamia Palestina mwaka wa 1925. Yeye pia alitunga kwa matamshi mapya. Inashangaza kwamba masikio ya wanafunzi hao wawili yaliwahi kusikia lugha ilikokuwa ikielekea, hali waliozaliwa katikati ya vitabu vya Kiebrania walikuwa wangali wakisikia ilikotoka.

Pili, shule hiyo iliathiri urefu na uzito wa shairi. Mashairi ya Rachel ni mafupi. Maneno yake ni nyumba, mkono, bustani, mvua, njia, mti. Hapa naona pia mkono wa mchoraji: mistari michache, kisha karatasi inaachwa ipumue.

Lakini tusidanganyike. Maneno hayo mepesi yana kisima chini yake, na kisima hicho ni Tanakh, maandiko matakatifu ya Wayahudi, ambayo wasomaji Wakristo wanayajua kama Agano la Kale. Rachel alijifunza lugha kwa watoto, akajifunza utamaduni kwa kitabu hicho. Tazama majina ya diwani zake tatu. Ya kwanza, ya mwaka wa 1927, ni Safiah. Neno hili limo katika Mambo ya Walawi sura ya 25, pale panapozungumziwa mwaka wa kupumzisha ardhi: ni nafaka inayojiotea yenyewe kutokana na mbegu zilizodondoka wakati wa mavuno, bila ya mtu kulima. Mshairi anayeiita kazi yake hivyo anatuambia mengi kwa neno moja. Hakulima, hakupanda, lakini kimeota.

Ya pili, ya mwaka wa 1930, ni Mineged, yaani mkabala. Ya tatu, Nevo, ilitoka mwaka wa 1932, mwenyewe akiwa ameshafariki. Majina haya mawili yanashikana. Katika Kumbukumbu la Torati, Musa anaambiwa apande Mlima Nebo aitazame nchi akiwa mkabala nayo, lakini hataiingia. Kwa Rachel, Nebo si mlima wa Musa peke yake. Kila mtu ana mahali anapokiona akitakacho na asikifikie.

Au chukua shairi lake mashuhuri, Akara, yaani tasa. Mwanamke anatamani mtoto wa kiume, mwenye nywele nyeusi za mawimbi, amshike mkono watembee polepole bustanini. Angemwita Uri. Kisha linatajwa jina la Raheli, mke wa Yakobo, na la Hana aliyeomba mtoto kule Shilo. Basi. Msamiati wa shairi zima angeuelewa mtoto wa miaka saba. Ila mwenye kujua kisa cha Hana husikia pia machozi ya mwanamke ambaye kuhani alimdhania mlevi. Nani atasema hiyo ni lugha maskini?

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna raha ya ziada. Jina Uri lina maana ya nuru yangu: or ni nuru, na ile i ya mwisho ni yangu. Kiingereza hulazimika kutumia maneno mawili. Sisi tunaosema mwanangu, mwenzangu na babangu tunaelewa mara moja jinsi neno linavyoweza kumbeba mwenyewe mgongoni. Shairi la kwanza la Rachel la Kiebrania kuchapishwa, mwaka wa 1920, lilihusu mwendo wa nefesh. Neno hilo ni ndugu wa nafsi yetu, tuliyoipata kupitia Kiarabu. Hata ubeti wetu una jamaa huko: bayit kwa Kiebrania ni nyumba, na ni ubeti pia. Nimeyasoma mashairi haya katika tafsiri za Kiingereza nikiutazama Kiebrania ukurasa wa pili, na nathubutu kusema kwamba mfasiri wa Kiswahili angeanza akiwa na mtaji ambao mwenzake wa Kiingereza hana.

Hata hivyo, hadithi ya chekechea, tamu kama ilivyo, ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni Kirusi alichokiwekea saa moja. Rachel alimpenda na kumfasiri Anna Akhmatova, mshairi wa Urusi aliyesifika kwa mashairi mafupi, makavu, yenye vitu vinavyoshikika. Urahisi wa Rachel una asili ya pande mbili basi: sauti za watoto wa Rehovot na nidhamu aliyoiona kwa Akhmatova. Aliyekwenda ugenini hakuacha mzigo wake wote bandarini.

Maisha nayo yaliuchonga urahisi huo. Mwaka wa 1913 alikwenda Toulouse, Ufaransa, kusomea kilimo. Vita Vikuu vya Kwanza vikamzuia kurudi, akaishia Urusi akifundisha watoto wakimbizi, na huko ugonjwa wa kifua kikuu ukamshika. Alirudi Palestina mwaka wa 1919, akajiunga na kijiji cha ujima cha Degania karibu na Ziwa Kinneret, ambalo Injili huliita Bahari ya Galilaya. Ugonjwa ulipojulikana akatakiwa aondoke, kwa hofu ya kuwaambukiza watoto. Aliyefunzwa lugha na watoto akatengwa nao. Miaka yake ya mwisho aliishi Tel Aviv, akichapisha mashairi yake mengi katika Davar, gazeti la wafanyakazi. Akafariki mwaka wa 1931 akiwa na umri wa miaka 40. Mshairi wa gazetini anajua kwamba msomaji wake ametoka kazini, kachoka, na hana kamusi mkononi.

Simsifu bila kipimo. Zikisomwa kwa mfululizo, diwani zake huchosha mahali mahali; majonzi hujirudia, na mara nyingine shairi huishia katika kujihurumia. Kinneret yake pia ni pepo iliyopotea, na mtu akiisoma peke yake anaweza kudhani ufuo ule haukuwa na majirani wenye lugha na nyimbo zao. Hayo ni mapungufu ya kweli. Lakini si hayo waliyoyasema wengi waliomweka daraja la pili nyuma ya wanaume wa zama zake. Wao walisema ni mwepesi, ni wa kike, anazungumzia nafsi yake tu. Mwaka wa 1927 yeye mwenyewe aliandika makala fupi akitetea usemi rahisi kuwa alama ya ushairi wa wakati wake. Alijua anachofanya.

Nasi tuliwahi kuwa na kesi kama hiyo. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974, alilaumiwa kwa kuacha vina na mizani, na pia kwa kutumia lugha iliyo karibu na mazungumzo. Leo Kichomi ni sehemu ya urithi wetu. Waliomtia lawama walikuwa wakihesabu silabi. Hawakuuliza kila neno lilibeba nini.

Kwa vijana wetu wasanii wanaokwenda kusoma ng'ambo, iwe Beijing, Berlin au kwingineko, nina ushauri mmoja. Lugha ya huko msiichukulie kama karatasi ya viza, mkaitupa mkishagongewa muhuri. Ketini chini na wanaoizungumza, hata kama ni watoto. Kisha kisomeni kitabu ambacho wenyeji wanakibeba vifuani bila kukitaja. Lugha bila utamaduni itawafikisha sokoni tu.

Kwa wahakiki na walimu wenzangu, napendekeza kipimo kingine. Shairi likitujia lisilotulazimu kufungua kamusi, tuondoe neno moja tuone. Likisimama kama kwamba hakuna kilichopungua, hilo ndilo jepesi, hata likijaa misamiati ya kale. Likianguka, tujue tumeshika kazi ya mtu aliyepima kila neno kabla ya kuliweka. Na mwanafunzi atakayeandika insha isiyo na jogoo wala umande, ila ina jambo la kusema, tafadhali tumpe alama zake.