Partisheni za lupu: kikwazo kilikuwa namba

Ukipakua mfumo wa Raspberry Pi OS na kuufungua kutoka kwenye mgandamizo, unabaki na faili moja. Ndani yake mna diski nzima: jedwali la partisheni, partisheni ndogo ya kuwashia kompyuta, kisha ile kubwa yenye mfumo wenyewe. Kifaa cha lupu huifanya Linux iione faili hiyo kama diski. Zamani kiliishia hapo. Diski ilionekana, partisheni zake hazikuonekana.

Mafundi walizifikia kwa kupiga hesabu. Tuseme fdisk inasema partisheni ya kwanza inaanzia sekta ya 8192. Kila sekta ina baiti 512. Zidisha upate 4194304, kisha iagize mount ianzie hapo. Ukisahau kutaja kikomo, lupu inaendelea hadi mwisho wa faili, partisheni ya jirani ikiwemo. Wengine walikimbilia kpartx, zana inayofanya hesabu hiyo yenyewe.

Ajabu ni kwamba kerneli ilikuwa ikisoma majedwali ya diski za kawaida miaka yote hiyo. Kilichoikwamisha kwa lupu ni namba. Kila diski ina namba kuu na namba ndogo. Lupu zote zina namba kuu 7, na namba ndogo zilifuatana bila nafasi: loop0 ni 0, loop1 ni 1, loop2 ni 2. Partisheni za loop0 zingekaa wapi?

Kerneli 2.6.26 ya mwaka 2008 ilijibu kwa kigezo cha moduli, max_part. Ukikipa 15, kila lupu hutengewa namba 16, yake mwenyewe na 15 za partisheni. Hapo loop1 inahamia 16, loop2 inahamia 32. Ni manispaa kubadili namba za nyumba mtaa mzima kwa sababu mpangaji mmoja anataka chumba cha ziada! Hati ya zamani iliyoandikwa 7:1 ikimaanisha loop1 sasa inaangukia loop0p1. Si ajabu kigezo hicho kiliachwa kwenye sifuri. Na kukibadili kulidai moduli iondolewe na kupakiwa upya, yaani lupu zote zifungwe kwanza.

Dawa hasa ilikuja na kerneli 3.2, Januari 2012. Partisheni za lupu zilianza kuchukua namba kutoka akiba ya pamoja yenye namba kuu 259, na loop1 ikabaki 7:1 hata jirani yake awe na partisheni ngapi. Usomaji wa jedwali nao ukawa unaombwa kwa kila lupu peke yake:

sudo losetup -f --show -P mfumo.img

Jibu likiwa /dev/loop0, utazikuta /dev/loop0p1 na /dev/loop0p2 tayari. Binafsi naona busara kubwa ni kwamba bila -P hakuna kinachosomwa. Ubuntu yenye vifurushi vya snap hujaa lupu zisizo na jedwali lolote. Kuzipekua zote ni kazi bure.

Ukilibadili jedwali lupu ikiwa wazi na kerneli isitambue, partx -u /dev/loop0 huliweka sawa. Kufunga ndiko kunakohitaji macho: losetup -d hukubali hata partisheni ikiwa bado imepachikwa, kwa kuwa kerneli za sasa huahirisha kazi hadi mtumiaji wa mwisho aondoke. Basi tanguliza umount, kisha hakikisha kwa losetup -l kabla hujainakili faili kwenye kadi.