Kupokea na Kuamua: Uhakiki wa Kazi za Kawaida za Baraza la Madiwani, Tunduma

Watu wetu wa siasa wana desturi ya kuchambua nyaraka kubwa na kuziacha ndogo zipite. Azimio la Arusha la 1967 limechambuliwa, Mwongozo wa TANU wa 1971 umechambuliwa, Katiba na ilani za uchaguzi hujadiliwa kila msimu. Muhtasari wa kikao cha halmashauri haumo katika orodha hiyo. Huandikwa, huthibitishwa, kisha hufungwa katika jalada. Lakini mama anayeuza mahindi Sogea hakutani na Azimio la Arusha asubuhi anapotandika biashara yake. Hukutana na kijana mwenye mashine ya kukatia ushuru, na kiwango kilichomo ndani ya mashine ile kilipita kwanza katika kikao, kikawa mstari mmoja wa muhtasari. Makala haya yanauhakiki muhtasari kama maandishi ya kisiasa: unasema nini, unanyamazia nini, na unamweka nani katika nafasi gani. Hatuzungumzii kikao cha siku fulani wala diwani fulani. Tunazungumzia umbo la kikao, ambalo ni moja kutoka Tunduma hadi Tanga kwa kuwa limewekwa na sheria na kanuni za kudumu.

Tumechagua Tunduma kwa sababu pale mgongano kati ya utajiri unaopita na madaraka yanayobaki unaonekana kwa macho. Mji huu ulikuwa katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2012 ukaingia katika wilaya mpya ya Momba, na mwaka 2016 ukawa sehemu ya Mkoa mpya wa Songwe wenye makao makuu Vwawa. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 97,562. Sensa ya 2022 ikawakuta 219,309. Barabara kuu ya Zambia inaukata katikati. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, inavukia mpaka hapo, na bomba la mafuta la TAZAMA, la mwaka 1968, limefuata njia hiyo hiyo. Njia hizi zilijengwa ili Zambia isinyongwe na walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru wao mwaka 1965. Zilikuwa kazi ya ukombozi, na heshima hiyo haifutiki.

Lakini njia ni njia. Shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka kwenda Dar es Salaam, mafuta na bidhaa za dukani hupanda, na ushuru wa forodha unaokusanywa mpakani huenda Hazina, kama inavyostahili katika taifa moja. Kinachobaki kwa mji ni foleni ya malori, vumbi, takataka, shida ya maji, na maelfu ya vijana waliokuja kutoka vijijini kutafuta chochote kinachodondoka kutoka katika msafara huo: kubeba mizigo, kubadili fedha, kuendesha bodaboda, kuuza chai kwa madereva. Kituo cha huduma za pamoja mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019 kilikuja kuharakisha upitaji wa malori. Hilo ni jema kwa uchumi wa taifa. Lakini dereva anayepita haraka halali Tunduma, hali Tunduma, hanunui kitu Tunduma. Ni nani aliyekaa kulijadili jambo hilo kwa niaba ya mama lishe? Kwa sheria, mahali pa kulijadili ni baraza la madiwani.

Basi tuingie ndani ya baraza. Kikao hufunguliwa, ajenda huthibitishwa, muhtasari wa kikao kilichopita huthibitishwa. Hufuata yatokanayo. Kisha huja taarifa za kata, maswali, na taarifa za kamati za kudumu: ya fedha na uongozi, ya uchumi, afya na elimu, ya mipango miji na mazingira, na nyinginezo. Mpangilio huu hatukuubuni sisi. Ni mpangilio wa mabaraza ya Kiingereza uliotafsiriwa, na hata neno lenyewe, yatokanayo, lina harufu ya tafsiri. Asili yake siyo dosari kubwa. Dosari ni kile kilichotokea kwa vitenzi.

Msomaji achukue muhtasari wowote atakaoupata, ahesabu vitenzi. Ataona kuwa baraza “limepokea” taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka. Limepokea taarifa ya maendeleo ya miradi. “Limeridhia” mapendekezo ya kamati. “Limeelekeza” ufuatiliaji ufanyike. Katika safu ya yatokanayo atasoma kwamba suala la mfereji au la dampo “linaendelea kushughulikiwa”. Mtendaji wa kitenzi hicho hatajwi. Hakuna aliyeshindwa, kwa kuwa hakuna aliyepewa. Jambo moja laweza kukaa katika yatokanayo kikao baada ya kikao, kila mara likithibitishwa kuwa limeandikwa sawasawa, na hapo ndipo tunapoukuta umangimeza katika makao yake halisi. Tulizoea kuutafuta katika suti na gari la mkubwa. Uko katika kauli ya kutendwa.

Kwa nini diwani amekuwa mpokeaji? Jibu rahisi linalosikika ni kwamba madiwani hawakusoma. Kwa kweli sheria inamtaka diwani ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Sisi tunalikataa jibu hilo, maana ni kasumba ile ile iliyomwambia mkulima kuwa hawezi kujitawala mpaka afundishwe. Mfanyabiashara wa nafaka asiyekwenda sekondari anajua hesabu ya gunia, nauli na ushuru kuliko mchumi mwenye shahada. Mpeni kabrasha lenye kurasa mia mbili za majedwali usiku wa kuamkia kikao, hata profesa atapokea na kuridhia.

Sababu ya kweli ni kwamba mambo ya kuamuliwa yamepungua huku vikao vikibaki vile vile. Tuangalie miaka ya karibuni. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 mwananchi huilipa kwa kununua umeme. Mwaka 2017 kazi ya barabara za halmashauri ilipewa wakala mpya, TARURA; tangu hapo diwani akiulizwa kuhusu barabara ya kata yake, humwomba meneja wa wakala aje kikaoni kueleza, kama mgeni. Mwishoni mwa 2018 vikaja vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, vya shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka. Machinga wa Tunduma walipumua, nasi hatuwezi kuwalaumu, kwani kulipa ushuru kila siku kwa kijana anayekufuata na mashine ni adha. Ila tuseme ukweli wa kiuongozi: uamuzi uliogusa moja kwa moja mapato ya halmashauri ulifika katika halmashauri kama habari. Mwaka 2021 serikali kuu ilichukua pia mzigo wa kulipa posho za madiwani katika halmashauri nyingi, na diwani ambaye posho yake inatoka juu ana sababu moja zaidi ya kutazama juu.

Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na hoja yake. Barabara zilikuwa zikijengwa ovyo, kodi ya majengo ilikuwa ikivuja, posho zilikuwa zikikopwa. Hatuzipingi hoja hizo moja moja. Tunapinga hesabu yake ya jumla, ambayo makada wachache wameipiga.

Nchi hii imewahi kupita njia hii kwa ukubwa zaidi, na mwanafunzi wa siasa anapaswa kuijua habari hiyo kwa undani. Mwaka 1972, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa. Mpango wenyewe ulichorwa kwa msaada wa McKinsey, kampuni ya washauri wa mabepari ya Kimarekani. Ni kinaya ambacho waandishi wetu wa miaka ile hawakupenda kukigusa. Wakurugenzi wa maendeleo walipelekwa mikoani na wilayani wakiwa na fedha na wataalamu. Madaraka yalihama kweli kutoka Dar es Salaam, lakini hayakwenda kwa mwananchi. Yalikwenda kwa mtumishi wa serikali aliye karibu naye zaidi. Halmashauri za miji zilianza kurudishwa mwaka 1978 baada ya miji kuzidiwa na taka na maradhi. Sheria Na. 7, 8 na 9 za mwaka 1982 zikaweka msingi mpya, na wilaya zikapata halmashauri tena mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kuwa kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa mojawapo ya mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Ibara ya 146 ya Katiba sasa inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Inasema madaraka. Haisemi taarifa.

Kuna watakaotaka kulifanya jambo hili kuwa la vyama. Tunduma inawajibu vizuri. Kuanzia 2015 hadi 2020 halmashauri ile iliongozwa na madiwani wa CHADEMA. Baada ya uchaguzi wa 2020 ikawa mikononi mwa CCM. Kelele za ukumbini zilibadilika, umbo la kikao halikubadilika. Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, aliendelea kuteuliwa kutoka juu, na ni ofisi yake inayoandaa ajenda na kuandika muhtasari. Pale chama kimoja kinaposhika viti vyote au karibu vyote, tatizo jingine huongezeka: mjadala wa kweli hufanyika katika kikao cha madiwani wa chama, milango ikiwa imefungwa, na baraza la wazi lenye wananchi kwenye viti vya nyuma huja kusomewa matokeo. Nidhamu ya chama ni jambo jema. Ila mwananchi aliyeacha biashara yake kuja kusikiliza anatoka bila kujua nani alimtetea.

Hebu pia tuseme neno juu ya mikopo ya asilimia 10. Tangu 2018 sheria inaitaka halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hapa baraza lina kitu halisi mkononi. Lakini mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa yaliyoonekana katika ripoti za ukaguzi, ikaanza kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi hewa vilipita wapi? Vilipita katika orodha zilizopokelewa vikaoni. Katika kata, kila mtu anajua kikundi gani kinafuga kuku kweli na kipi kina muhuri tu. Lakini orodha ilipofika mezani ikiwa jedwali, ujuzi huo ulikuwa umeshachujwa.

Je, kimebaki nini cha kuamua? Kimebaki kimoja kikubwa ambacho watu wetu hawakitumii: sheria ndogo. Ushuru wa soko, maegesho ya malori, ada za usafi, masharti ya biashara za barabarani, yote haya husimama juu ya sheria ndogo zinazotungwa na baraza lenyewe na kuidhinishwa na waziri. Na kabla hazijatungwa, sheria inataka wananchi waarifiwe na wapewe nafasi ya kutoa maoni na pingamizi. Hapa ni mahali katika shughuli za halmashauri ambapo kabwela ana haki ya kuzungumza kabla ya uamuzi, na ambapo neno lake lazima lifikiriwe. Kwa desturi, tangazo hubandikwa kwenye ubao. Ubao uko ofisini. Mchukuzi wa mpakani na muuza chai hawana shughuli ofisini, siku zinapita, halafu muhtasari unaandika kuwa hakuna pingamizi lililopokelewa. Kitenzi ni kile kile.

Tuchukue maegesho. Wapi lori lisimame, kwa shilingi ngapi, na nani aruhusiwe kuuza chakula pale linaposimama: hayo ni maswali matatu yanayoamua kipato cha watu wengi Tunduma kuliko semina nyingi za ujasiriamali. Eneo la maegesho likisogezwa kilomita chache kuelekea Mpemba, biashara inasogea nalo, na mwenye kiwanja huko anatajirika kwa uamuzi ambao mama lishe wa Maporomoko hakuusikia. Wenye viwanja husoma rasimu mapema. Hilo ndilo tabaka katika mji wa mpakani, nalo halihitaji nadharia nzito kulitambua. Linahitaji kuuliza nani aliiona rasimu kwanza.

Kada aliyeko tawini, na mwanafunzi anayerudi nyumbani likizo, ana kazi hapa isiyomhitaji asubiri maelekezo. Aombe nakala ya rasimu ya sheria ndogo siku inapotangazwa. Aipeleke sokoni na kwenye vijiwe vya bodaboda, aisome kwa sauti kifungu kwa kifungu, na viwango vyote vya shilingi. Maoni yaandikwe kwa majina ya mitaa yalikotoka, yakabidhiwe kwa mkurugenzi kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa, na nakala apewe diwani kabla kamati haijakaa. Mkutano wa mtaa wa namna hiyo huitishwa na mwenyekiti wa mtaa, katika Chapwa kama katika Kaloleni, na haugharimu posho. Kikao cha baraza kitakapofika, diwani aulizwe mbele ya watu maoni yale yameandikwa katika ukurasa gani wa kabrasha.