Kufunika Muundi kwa Msuli wa Shavu la Mguu

Mbele ya mguu, chini ya goti, muundi umefunikwa na ngozi peke yake. Ukipitisha kidole hapo unaugusa mfupa. Ndiyo maana ajali ya pikipiki inayouvunja huuacha wazi kwa urahisi. Ngozi iliyochunwa pajani haishiki juu ya mfupa uliovuliwa utando wake, kwani hakuna cha kuilisha. Panahitajika nyama hai inayokuja na damu yake.

Kwanza jeraha husafishwa, nyama iliyokufa ikikatwa mpaka ibaki inayotoka damu, na mfupa hushikizwa, mara nyingi kwa vyuma vya nje. Kazi hii ikifanywa nusunusu, hata pande zuri la msuli litakuwa kifuniko cha usaha.

Kidonda cha theluthi ya juu huzibwa kwa gastroknemio, msuli wa juujuu wa shavu la mguu. Una vichwa viwili, kila kimoja na ateri yake kuu inayoingia karibu na goti. Cha ndani ndicho kirefu zaidi, na ndicho kinachopendwa. Mkato hupita kama sentimita 2 nyuma ya ukingo wa ndani wa muundi. Kidole kikiingia kati ya gastroknemio na soleo iliyo chini yake, nafasi hufunguka karibu bila damu. Vichwa hutenganishwa katikati, neva na vena zinazopita hapo zikilindwa. Mwisho wa chini hukatwa pamoja na ukingo wa kano, maana uzi haushiki vizuri kwenye nyama tupu. Kisha msuli huzungushwa kuelekea mbele. Ukipelea, utando wake mgumu huchanjwa ili utanuke. Njia ya chini ya ngozi ikibana, ni heri kuipasua kuliko kuinyonga ateri. Juu ya msuli hupandikizwa ngozi nyembamba.

Theluthi ya kati ni ya soleo. Ya chini ina kano zaidi kuliko nyama, hivyo kwa kidonda kikubwa msuli hutolewa mbali, kwa mfano mgongoni, na mishipa yake huungwa chini ya hadubini. Marko Godina wa Ljubljana alionyesha mwaka 1986, kwa wagonjwa 532, kwamba mapande ya namna hiyo yaliyowekwa ndani ya saa 72 yalikufa chini ya 1%. Yaliyocheleweshwa hadi miezi 3, 12%.

Kichwa kimoja cha gastroknemio kikiondoka, soleo na kichwa cha pili hubaki kusukuma kisigino. Uvimbe wa pande hupungua kwa miezi, msuli ukinywea kwa kukosa kazi.