Mwezi Mmoja Mbali na Nyumbani

Kuna vitabu vya kusomwa mezani, na kuna vitabu vya kusomwa chini ya mti siku za mapumziko. The Enchanted April, kilichotolewa mwaka 1922, ni cha namna hiyo ya pili. Mwandishi wake, Elizabeth von Arnim, alikuwa amekaa katika ngome ya zamani huko Portofino, nchi ya Italia, na huko ndiko alikopata habari za kitabu chake.

Wanawake wanne wa London, wasiojuana vema, wanapanga ngome kama ile kwa mwezi wa Aprili. Kodi ni paundi 60, kila mmoja atoe 15. Lotty amechoka na mume anayehesabu kila senti. Rose ni mtu wa sala na wa kusaidia maskini. Lakini mume wake, Frederick, hupata fedha kwa kuandika vitabu juu ya masuria wa wafalme. Rose huzigawa fedha hizo kwa maskini ili moyo wake utulie. Walakini hautulii.

Sehemu bora ni ile ya Lotty. Nyumbani alikuwa akiupima upendo kama chumvi sokoni: nipe, nami nitakupa. Ngomeni anaacha kupima, anamwandikia mumewe aje. Hapo mwandishi asema kweli kubwa kwa maneno mepesi.

Kwa Rose, mwandishi anakimbia. Naye amemwandikia mumewe, lakini barua haikumfikia. Frederick anakuja kumtafuta Caroline, binti mzuri wa ukoo mkubwa, aliye mmoja wa wale wanne. Rose anampokea kwa furaha, akidhani ameitikia barua. Frederick ananyamaza. Caroline ametambua yote, naye ananyamaza. Basi twaambiwa tufurahi pamoja nao.

Tunafurahi, maana mwandishi ana ucheshi mwingi. Lakini furaha ya Lotty imetoka katika moyo uliogeuka, na ya Rose imesimama juu ya jambo lililofichwa. Jua na maua havilingani na neno la kweli kati ya mume na mke.

Kisomeni, kitawapumzisha. Kisha mjiulize: mwezi wa Mei, huko London, Frederick akiweka mezani fedha za kitabu kipya, Rose atasema nini?