Hatua ya 55: ngome ilifuata nini f2?

Ding Liren aliposhusha ngome f2, wengi wetu tulidhani skrini imekosea. Haikukosea. Mchezo wa 14 wa kugombea ubingwa wa dunia wa sataranji huko Singapore, Desemba 12, 2024, pointi 6.5 kwa 6.5, kete nyeupe mkononi, bingwa wa dunia akajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Askofu wake alikuwa amejibanza kona ya a8, penye mshazari mmoja tu wa kutokea. Ngome ikabisha hodi f2, ikiomba kubadilishana na ya mpinzani wake, Gukesh. Ngome zikalana, kisha kijana akatuliza askofu wake d5, mlango ukafungwa. Angekuwa b7, angekimbilia c8 na sare ingekuwepo. A8 hana pa kwenda. Maaskofu wakalana, wakabaki wafalme na askari, wawili kwa mmoja. Hatua ya 58 Ding akasalimu amri.

Mcheza drafti yeyote wa kijiweni anajua kwamba aliyepungukiwa kete hukimbia kubadilishana. Huyu alikuwa na pungufu ya askari mmoja, na bado akaenda kuomba!

Ufunguzi haukuwa na kosa: farasi f3, g3, kisha d4, Grünfeld ya kupindua. Ila mwenye nyeupe akamtoa kafara askari ili asafishe ubao na kuketi kusubiri sare. Wasomaji wa zamani wataguna, maana wimbo huu nimeuimba sana: mashindano ya kasi ya kuamua mshindi yamewafanya wakubwa wacheze wakiangalia saa ya kesho. Ding alilipata taji Astana mwaka 2023 kwa njia hiyohiyo, akadhani kisima hakikauki. Na ni yeye huyuhuyu aliyembana Gukesh mchezo wa 12 hadi akakosa pumzi!

Seville, 1987. Kasparov alilazimika kushinda mchezo wa 24 ili asipoteze taji kwa Karpov. Naye alianza polepole, c4, g3, b3, lakini kete zake akazikumbatia, akamkamua mwenzake hatua 64. Huyo ndiye bingwa.

Gukesh, miaka 18, alicheza vizuri na hakuchoka kusukuma.

Baada ya kushikana mikono alilia, kisha akazipanga kete zote upya. Hata askofu yule wa a8 akarudishwa f1.