Gitaa la Pili Limekwenda Wapi?

Siku hizi Kisumu, ukimkuta mpiga gitaa ameketi peke yake kwenye hoteli ya samaki, angalia miguu yake kabla ya kuangalia vidole. Chini pale, kando ya kiatu, kuna kijisanduku cha chuma chenye taa nyekundu. Hiyo ni pedali ya mwangwi. Wenyewe wanaiita dilei. Gitaa ni kavu, lile la mbao lenye tundu tumboni, lakini kinachotoka kwenye spika ni sauti ya magitaa mawili, wakati mwingine matatu. Wateja wanapiga makofi. Mimi nabaki nikijiuliza: hilo gitaa la pili ni la nani?

Sina ugomvi na umeme. Wapo wanaosema pedali ni kitu cha Wazungu kinachoharibu muziki wetu, na hoja hiyo haina miguu. Benga yenyewe ilizaliwa pale wanamuziki Waluo walipochukua gitaa, chombo cha kuja, wakalifundisha kusema kama nyatiti. George Mukabi, kule Kisa kwa Waluhya, alikuwa na gitaa kavu na chupa ya Fanta ya kugongwa, na leo omutibo tunaiona ni mali yetu kabisa. Ugomvi wangu ni juu ya kazi. Pedali imechukua kazi ya nani, na inaifanya vipi?

Sikiliza rekodi za D.O. Misiani na Shirati Jazz. Mwimbaji anatamka mstari, gitaa la solo linaudaka na kuujibu. Chini yake gitaa la pili linapenya kwenye mianya, noti zake zikiangukia pale ambapo solo imeacha nafasi. Ukisikiliza haraka haraka utadhani ni gitaa moja lenye mwangwi. Kumbe ni watu wawili wanaosikilizana. Mwangwi wa benga una masikio: mwenzako akiongeza mwendo, unaongeza, akiteleza, unamfunika mpaka arudi njiani.

Pedali nayo ina nobu tatu za msingi. Ya kwanza inaamua noti irudi baada ya muda gani, ya pili irudi mara ngapi, ya tatu irudi kwa sauti kubwa kiasi gani. Hesabu yake si ngumu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kati ya pigo na pigo. Weka dilei kwenye 375, yaani robo tatu ya hapo, na noti zinazorudi zitaangukia katikati ya zile unazopiga. Ghafla umepata mchezo wa benga bila kumlipa mtu nauli. Hapo ndipo wengi wananaswa.

Kwa sababu wimbo ukichemka, vidole navyo huchemka. Mpigaji anaongeza mwendo bila kujua, watu wameinuka, na pedali imebaki palepale kwenye 375 kama karani anayesubiri saa kumi na moja ifike. Halafu gitaa kavu lina tabia zake. Kile kinasa sauti kilichobanwa chini ya daraja la nyuzi hunasa hata mkwaruzo wa kucha. Mkwaruzo mmoja ukirudi mara sita, husikii tena wimbo, unasikia mtu anakwangua sufuria.

Je, inawezekana kuipiga vizuri? Inawezekana sana. John Martyn wa Uingereza alianza kulipitisha gitaa lake kavu kwenye Echoplex, mashine ya mwangwi inayotumia utepe, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tafuta "Glistening Glyndebourne" kwenye albamu ya Bless the Weather ya mwaka 1971. Jamaa haupambi wimbo kwa mwangwi. Anaupigia gitaa mwangwi wenyewe: anatupa noti, anaisubiri irudi, anaweka nyingine pembeni yake, anakwaruza nyuzi zilizozimwa kwa kiganja ili marudio yawe ngoma. Ukizima mashine, wimbo unakufa. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Ukizima pedali na wimbo ukabaki uleule, basi pedali ilikuwa manukato tu.

Kipimo cha pili nimekipata kwa Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019. "Kothbiro" yake, kwenye albamu ya En Mana Kuoyo ya mwaka 1993, ni nyatiti inayozunguka polepole na sauti ya mtu asiye na haraka. Jina linasema mvua inakuja, na wimbo mzima unakaa kwenye kungoja huko. Kati ya kishazi na kishazi kuna uwazi, na uwazi huo ndio wingu. Nimewasikia vijana kadhaa wakiupiga kwa gitaa kavu na dilei ndefu. Ni wazuri wa vidole, sikatai. Lakini kila uwazi umejazwa marudio, noti juu ya noti, mpaka mvua imeshanyesha kabla mwimbaji hajasema inakuja. Tunangoja nini tena?

Utaniambia: si mpiga nyatiti naye hukaa peke yake akafanya kazi ya bendi nzima? Kweli. Ana nyuzi nane, ana pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inayogonga ubao wa chombo, ana njuga, na bado anaimba. Lakini kila sauti inatoka mwilini mwake, na akinyamaza, zote zinanyamaza. Hili si jambo dogo kwa Mluo. Kuna pakruok. Mtu anatoa pesa, muziki unasimamishwa, anasimama kujisifu na kuwasifu wakwe na marafiki, kisha muziki unarudi pale ulipoachwa. Sasa mwambie mwenye dilei asimame. Vidole vimetulia, lakini spika bado inaimba juu ya majina ya watu. Mwenye pesa anaanza upya, sauti juu, kama anayegombana na mtu asiyeonekana. Kukatizwa ni sehemu ya muziki huu, na mashine haijui kukatizwa.

Kuna hasara nyingine isiyosikika usiku huo. Gitaa la pili lilikuwa kazi, na pia lilikuwa shule. Kijana alikaa kando ya mkubwa wake, akajifunza kuacha nafasi kabla ya kujifunza kujaza. Pedali haikui ikawa mpiga solo wa kesho.

Kwa hiyo, ndugu mpigaji, kama uko peke yako kwa sababu mfuko umekataa, nakuelewa. Punguza marudio yabaki moja au mawili, fifisha ukali wake, na uzoee kuizima kwa mguu kabla hujafika mwisho wa mstari. Nawe mwenye hoteli, unayetangaza benga kila Jumamosi jioni: benga ni ya watu wawili kwenda juu. Ongeza kiti kimoja jukwaani, na umlipe atakayekikalia.